Wazee Tunao wa Kutosha

Ulaya, 3 Februari 1992

Mae mpenzi,

Shikamoo. Habari za Kishanda? Mimi mzima, ila baridi imenizoea kuliko nilivyoizoea.

Hapa kwenye nyumba ya wazee ninapouguza wamejaa, vijana wa kuwashika mkono hakuna. Ndiyo maana wameniongezea miaka mitano ya kukaa. Nikaona niwaombee kibali nanyi, wewe na watoto wawili wa marehemu kaka Buberwa. Jibu limekuja: watoto waje, nchi inahitaji vijana. Wewe hapana. Eti una miaka sitini na saba, na wazee wanao wa kutosha.

Nimelia, Mae. Watoto wasipofika kabla ya Agosti, kibali kinakufa. Nifanyeje?

Mwanao,
Anatolia

Kishanda, Muleba, 29 Machi 1992

Mwanangu,

Marahaba. Tuko wazima, migomba tu inaliwa na wadudu. Anayeandika ni mjukuu wangu Kokuhirwa, yule mkubwa wa Buberwa. Maneno ni yangu, nimemkataza kuyapunguza makali.

Nani alikutuma uniombee? Mzee, mimi! Vita ilimchukua baba yako, ugonjwa ukamchukua kaka yako. Mimi hakuna kilichoniweza. Msimu uliopita nimejaza magunia matatu ya kahawa kwa mikono hii. Kahawa hiyo inavuka mipaka, wala hakuna anayeuliza umri wa aliyeichuma. Si wanainywa kila asubuhi? Wasomee hao wa ofisini.

Lakini watoto siwezi kuwafungia ndani. Shule za huko ni nzuri, najua. Ukiona ni heri yao, waite. Sitalia mbele yao. Kokuhirwa amesita hapa, nimemwambia andika.

Mama yako

Ulaya, 20 Juni 1992

Mae,

Shikamoo. Natumaini mgongo umepona, ingawa najua utakana kwamba uliuma.

Ofisini hawakunisikiliza, nikawasomea wazee wangu barua yako wakiwa na vikombe mkononi. Bibi mmoja wa miaka tisini akaweka chake chini, akauliza, "Na huyo nani anamuuguza?" Aibu ilinishika, Mae.

Nimerudisha vibali vyote, cha watoto na changu. Nimepata kazi ya uuguzi Bukoba. Nafika Agosti. Usiseme nakuhurumia, nimejivunia mama yangu mbele ya Wazungu thelathini.

Mwanao,
Anatolia

Kishanda, 18 Julai 1992

Mwanangu,

Marahaba. Njoo. Kahawa ya kutafuna ya kukupokea nimeshachemsha, kikapu chako kiko mlangoni. Ila tuelewane: wa kuuguza mzee sihitaji. Nahitaji kijana wa kuchuma. Kibali nimekupa.

Mama yako

Shangazi, hili naandika mwenyewe. Bibi analia mbele yetu, na anaimba.
Kokuhirwa