Kikombe cha Abiba

Kiwanjani, Isiolo
9 Februari 2025

Mpendwa mdogo wangu Lul,

Assalaam aleikum. Hujambo huko Jeddah? Mgongo umepoa, au bado unabeba watoto wa watu kama ulivyombeba Abiba hadi akakataa kutembea? Sisi ni wazima, alhamdulillahi. Mvua hakuna, vumbi tele, na mbuzi wetu wananidharau kama kawaida.

Barua hii anakuletea Makandi, jirani yangu anayekuja kufanya kazi huko. Kwa simu nimeshindwa, maana Abiba bintiyo anasikia kila kitu. Uliniagiza nimchape aache kupeleka maziwa kwenye nyumba ya marehemu Talaso, na asipoacha nimpeleke kwa shehe akasomewe dua. Nakupenda, Lul, lakini sitamchapa. Soma kwanza.

Unaikumbuka nyumba hiyo, nyuma ya ua wetu. Talaso alipofariki, mumewe, mzee Waqo dalali wa ng'ombe, alituaga kwamba anahamia kwa mwanawe Garbatulla. Baadaye watoto wakaanza kusikia kikohozi mle ndani saa za alasiri. Wakawa wanarusha mawe juu ya mabati na kukimbia. Abiba hakurusha. Aliniuliza ni nani anapigwa. Nikamwambia hakuna mtu. Akataka kujua, basi wanapiga nini?

Ndipo akaanza kupeleka maziwa yake kwa kikombe cha bati na kukiacha kizingitini. Jioni alikikuta kitupu, kimeoshwa. Nilipokinusa mwili ulinisisimka. Kilinukia moshi, vile mama yetu alivyokuwa akifukiza vibuyu vya maziwa kwa kijinga cha moto. Siku hizi nani anafukiza kikombe? Na kwa kuwa kufukiza ni kazi ya wanawake, mtaa mzima tuliamua ni Talaso amerudi. Hakuna aliyemfikiria mwanamume, na hapo ndipo tulipokosea.

Alhamisi moja nilimfuata Abiba. Alisimama mara mbili njiani, maziwa yakamwagikia viatu. Nikamuuliza kama haogopi.

"Naogopa," akasema. "Ndio maana nasalimia kwanza."

Akatoa salamu. Ndani, sauti ikaitikia polepole. Mimi niliyekuwa nikikucheka ukiogopa fisi, nilishika ukuta. Mtoto akasukuma mlango.

Alikuwa mzee Waqo, mifupa mitupu, amelala juu ya ngozi. Hakuhama popote. Mwanawe alidhani yuko kwetu, sisi tukadhani yuko kwake, naye alikuwa akingoja kumfuata mkewe. Alisema kila jiwe lilimwambia afanye haraka, ila maziwa yalipokuja aliona aibu kuyaacha yaharibike, akatambaa kuyafuata. Tulimpigia simu mwanawe, akaja akampeleka hospitali. Sasa yuko Garbatulla, anakula na kugombana na madalali wenzake. Ningemchapa Abiba, tungemzika mzee.

Kabla mzee hajaondoka nilimshukuru kwa kukifukiza kikombe. Akanitazama sana. Alisema hajawasha moto tangu mazishi, na kikombe alikuwa akikiacha palepale, kichafu. Nikaangalia mafiga. Yalikuwa na utando wa buibui.

Nyumba sasa ni tupu na ina kufuli. Jana Abiba aliniomba maziwa tena. Nikamkumbusha kwamba mzee ameenda.

"Yule wa kuosha hakuenda na yeye," akasema. "Na bado wanamrushia mawe."

Niliogopa, Lul, sikufichi. Lakini nikimfundisha mtoto huyu kuchagua wa kusalimiwa, ipo siku atatupita mimi na wewe bila salamu. Kikombe nilikibeba mwenyewe, nikasalimia kwanza. Jioni nilikikuta kizingitini, kimeoshwa.

Nimekifunga kwenye kitambaa, Makandi akupe. Abiba nimemnunulia kingine. Kinuse, kisha uniambie kama bado nimchape.

Mjomba Jillo anakusalimu, na mwanangu Hashi anauliza utarudi lini. Mungu akulinde ugenini, na akupe majirani wanaoitikia salamu.

Dada yako akupendaye daima,
Umulkheir