Baba Hakusema Khamakha

Mtaa wa Chowk,
Lucknow.
12 Januari 1998

Mpendwa Kaka Nadir,

Pokea salamu zangu nyingi. Kile kikohozi chako kimeisha? Wifi Sakina na Hina hawajambo? Mimi ni mzima, ila ukungu wa huku hautupi jua hata la kuanikia shali.

Najua kwetu aliye ng'ambo haandikiwi ugonjwa mpaka mgonjwa apone. Shangazi Tahira amenikataza kabisa: "Wewe na kalamu yako, utamnyima mwanetu usingizi!" Nimemkaidi kwa sababu ninaogopa.

Baba atapasuliwa moyo tarehe 2 Februari.

Unakumbuka khamakha yake? Tulipokuwa wadogo alituambia neno hilo lilitoka Uajemi likiwa na maana ya "utake usitake", na sisi wa Kiurdu tukalifinyanga mpaka likawa "bure tu, bila sababu". Tangu aanze kuumwa, amelifanya dawa. Nimeyaandika kwenye shajara. Tarehe 3, alipokosa pumzi kwenye ngazi: "Unahangaika khamakha, binti." Tarehe 6, midomo ilipobadilika rangi: "Daktari naye anatutisha khamakha."

Juzi, tarehe 10, nilimuuliza kama nikuite. Nikangoja lile neno. Hakulisema. Aliweka kikombe chini, akapandisha mkono wa sweta, akaninyooshea mkono wa kulia.

"Siku hiyo unifunge imamu zamini," alisema. "Shangazi yako asijue."

Kaka, kitambaa kile chenye sarafu tulikufunga wewe stesheni, siku ulipoondoka. Hufungwa anayekwenda mbali, ili arudi salama na kuitoa sarafu sadaka. Hospitali iko ng'ambo ya mto tu. Baba huenda kwa riksho na kurudi kabla chai haijapoa. Sasa anajiona msafiri.

Kitambaa nimekishona, cha kijani. Sindano imenichoma mara tatu. Wewe ulifungwa na Mama, na fundo lake halikulegea mpaka ukafika. Mama hatunaye, na fundo langu mimi siliamini. Njoo umfunge wewe.

Shangazi anakusalimu kila siku, bila kujua kwamba nimekuandikia. Mbusu Hina, msalimie Wifi. Mungu akufikishe kwetu Baba akiwa bado anaweza kukugombeza kwa kuja khamakha.

Nduguyo akupendaye,
Zakia