Usiung'oe Mkilua kwa Sababu ya Kura

Mjukuu wangu Mwanaidi,

Shikamoo yako imefika Kaole nami naiitikia marahaba, japo naona haya, maana nimemaliza shule juzi tu. Lakini mimi ni mdogo wa bibi yako, basi na mimi ni bibi. Mama hajambo, na mbuzi amezaa.

Swali lako limenikasirisha, ila si wewe. Unataka kuung'oa mkilua alioupanda marehemu dada yangu, bibi yako mzaa mzazi, ili upande waridi, kwa kuwa chama cha maua kimewaambia nyinyi mnaoanza kupanda maua kwamba waridi linapendwa kuliko yote na kilua kimeshika mkia.

Nilikuwapo waliposoma matokeo hayo hapa Bagamoyo. Mimi, nisiyesema mbele za watu, nilinyoosha mkono.

"Kura zilipigwaje?"

"Kwa simu, binti. Tulituma picha, wanachama wakachagua."

"Kwa hiyo hakuna aliyenusa?"

Wakacheka. "Picha hainukii, mwanangu," akasema mwenyekiti, akaendelea kuwaambia wanaoanza, "Anzeni na haya ya juu ya orodha."

Nilikaa na hasira zangu. Kilua kina rangi ya jani, unaweza kukipita usikione. Bi harusi hakivai ili kionekane, bali kinukie. Wangesema tu kwamba waridi ndilo lililopendeza kwenye picha, nisingewalaumu.

Panda waridi ukitaka, lakini pembeni.

Nimekutilia kilua humu. Kitafika kimekauka, kibaya cha sura. Fumba macho, ukinuse, ndipo upige kura.

Bibi yako,
Zuhura