Yule Uliyemshikilia Mstarini

Baba yangu,

Nimetoka tena kule jela leo. Usishtuke, sijafungwa. Nilipeleka watoto wa darasa la sita, kama tulivyowapeleka wale wa mwaka ule ulipokuja nasi, na nimerudi hapa Kibomet na hasira ambayo sijui niimwage wapi. Anayestahili kumwagiwa kwanza ni wewe, kwa hivyo tulia unisikilize.

Unakumbuka ulivyokuja? Ulitoka Sirisia asubuhi na koti lako la kanisani, umenyoa ndevu mpaka ukajikata kidevuni, ukafika kwangu ukasema hutaki chai. Wewe, kukataa chai! Nikajua una jambo. Mimi nilikuwa nimekuomba tu uwaambie watoto wangu jinsi wafungwa walivyoishi enzi za mzungu, maana lile jengo siku hizi ni la wageni na wanafunzi, na wewe ulilala mle ujanani kwa kukataa kuchimba mitaro ya chifu bure. Kumbe ulikuja na shughuli yako mwenyewe.

"Nitataja jina lake leo," uliniambia. "Pale pale kwa mlango wa hiyo jera."

Habari za rafiki yako nilizijua tangu nikiwa mdogo, zote isipokuwa jina. Nilijua mlilala mkeka mmoja. Nilijua mlipasua mawe pamoja, na kwamba alikohoa mpaka wengine wakaomba ahamishwe. Nilijua kila asubuhi mlichuchumaa watano watano mhesabiwe, na mstari ukipungua mtu mmoja mnachapwa wote. Asubuhi moja hakuweza hata kukaa. Mkamkokota nje, wewe ukampitishia mkono mabegani ukamshikilia asianguke, askari akapita akahesabu tano akaenda zake. Akafia mkononi mwako kabla uji haujaletwa. Wakamzika nyuma ya ukuta, watu wake hawakuambiwa, na hata leo hakuna anayejua ni wapi hasa.

Nikikuuliza aliitwa nani, ulikuwa unanikatiza. "Mtu kama hajaliliwa, jina lake haliitwi ndani ya nyumba. Atakuja kutuuliza mbona tumenyamaza." Ulitaka aitwe kwanza pale alipofia, mbele ya watu, ndipo sasa tumlilie kama mtu. Maisha yako yote uliingojea siku hiyo.

Na ulianza vizuri, Baba! Ukawaeleza watoto uji wenye wadudu, blanketi la kugawana, ndoo ya choo katikati ya watu waliolala, na vile mfungwa mgeni ndiye aliyelazwa karibu nayo. Watoto wangu, ambao hawatulii hata wakati wa maombi, walikusogelea wakusikie. Nafula, yule mdogo aliyesimama mbele, akakuuliza kama mlikuwa mnaoga. Ukacheka ukamwambia mvua ndiyo iliyowaogesha. Nilijivunia wewe mpaka nikataka kuwaambia watu wote pale kwamba huyu ni wangu. Kisha ukavua kofia.

"Sasa," ukasema, "nilikuwa na mwenzangu hapa..."

Hapo ndipo yule kijana wa kutembeza wageni, mwenye miwani ya jua juu ya kichwa, alipoingilia. "Asante sana, mzee, lakini hiyo ya watu kufa tuiache bana, si hawa ni watoto? Hebu tuonyeshe ile ya kuhesabiwa. Hiyo wanapendanga sana."

Nilisema, "Mwache amalize." Mwalimu mkuu akanishika mkono, akaninong'oneza ati basi linangoja. Basi! Mtu ameweka neno moyoni tangu kabla mimi sijazaliwa, na huyu anafikiria basi. Kijana tayari alikuwa amewachuchumalisha watoto wanne, Nafula akiwa wa nne. Akakupiga begani: "Mzee ndiye wa tano. Haya, chini!"

Na wewe ukachuchumaa.

Hilo ndilo linalonichoma. Wewe, uliyemkatalia chifu na viboko vyake, ulichuchumaa kwa amri ya mtoto wa juzi. Na haraka hivyo, na magoti yako yale mabovu. Walimu wenzangu walicheka. Watoto wakapiga makofi. Ni mimi tu niliyeuona mkono wako ukimzunguka Nafula mabegani, ukimshikilia.

"Babu, unanifinya," akasema.

Hukumsikia. Kijana akawapiga picha, akasema haya twende, watoto wakainuka na kukimbia, wewe ukabaki chini umetazama mbele, unangoja kuhesabiwa. Nilikuja nikakushika kwapani nikakuinua. Koti lilikuwa limelowa jasho.

Njiani nilikuambia tutarudi, mimi na wewe peke yetu. "Sirudi," ukasema. "Nimeshaenda." Nikakuambia basi niambie mimi, twende hata shambani, mbali na nyumba, unitajie huko. Ukageukia dirisha. Miezi michache baadaye tukakuzika Sirisia, na watu wakasimama mmoja mmoja kukusifu kwa uvumilivu. Uvumilivu! Nilitaka kutema mate.

Sasa sikia ya leo. Picha yako iko ukutani pale pa kuingilia, kubwa kama mlango. Umechuchumaa na watoto wanne wanaocheka, na chini wameandika, "Maisha ya kila siku gerezani." Yule kijana bado yupo, amenenepa. Nilimwambia aitoe.

"Madam, hiyo ndio wageni wanapenda," akasema. "Na si mzee mwenyewe alikubali?"

Ati ulikubali, Baba.

Nikawakusanya watoto mlangoni, nikawaambia leo hakuna wa kuchuchumaa, simameni. Nikawaeleza yote: mkeka, mawe, kikohozi, mkono wako mabegani mwake. Kijana akajaribu kunikatiza. Nilimwangalia tu, akarudi nyuma. Nilifika mpaka pale uji ulipoletwa. Msichana mmoja akainua mkono.

"Mwalimu, huyo rafiki yake aliitwa nani?"

"Sijui."

"Lakini si huyo mzee ni baba yako?"

Walinitazama wote. Niliwaambia tuingie kwa basi.

Watu wake wapo mahali, Baba. Labda wako Bungoma, labda tunakaa nao benchi moja kanisani, labda kuna dada yake mzee ambaye bado anauliza. Sina la kuwapelekea. Nina ugonjwa wake na kifo chake na mkono uliomshika, na yeye mwenyewe sina. Ulimlinda na midomo ya watu mpaka ukaenda naye.

Sijakusamehe. Kama mko pamoja huko, usihangaike kuniombea. Muulize tu kwao ni wapi, kisha utafute njia ya kuniambia.

Mimi binti yako, yule uliyekuwa ukimwita mbishi