Bakteria Zilizokataa Kukatika

Kampemba, Lubumbashi
tarehe 6 Juni 1975

Mpendwa Shangazi Alima,

Barua yako ya Kigoma ilifika siku ya soko, Baba akaisoma mbele yetu sote. Goti linaendeleaje? Huku tuko wazima. Mama alikamatwa na mafua ya baridi, lakini sasa amepona.

Umeniomba niache chuo nije kukusaidia dukani. Shangazi, sitakuja. Usinikasirikie kabla ya kusoma sababu.

Pale fakilte ya matibabu ya wanyama ninachunguza bakteria za ndama. Nilizitoa Lukafu, kwa mfugaji anayeitwa Mwape. Ndama wake walikuwa wakiharisha. Aliwapa ampisilini kidogo kidogo ili dawa isiishe. Wakapata nafuu, kisha wakaugua tena, na watatu wakafa. Nilitaka kujua kwa nini.

Basi nikaziwekea bakteria zile dawa kidogo vilevile. Hazikufa. Zilirefuka tu kama uzi, bila kukatika vipande viwili. Profesa Kalaba, anayeniongoza, alitazama kwenye mikroskopi akasema, "Hii iko uchafu tu, Mawazo. Chagua sujet ingine," yaani nitafute mada nyingine ya utafiti.

Nililia, nikanawa uso, nikaanza upya. Ikawa vilevile, ila safari hii hakutaka hata kutazama.

Nikarudi vitabuni. Katika utando unaozunguka bakteria kuna protini ambazo kazi yao ni kujenga ukuta wa katikati wakati inapogawanyika. Dawa ikiwa kidogo huzinasa hizo kwanza: mwili unakua, ukuta haujengwi. Nikajiuliza, nikiiosha dawa, je, zitakatika tena? Uchafu usingefanya hivyo.

Mara ya tatu nilimwomba profesa aketi mwenyewe. Niliosha dawa mbele yake. Alikaa karibu masaa mawili akitazama kwenye mikroskopi. Kisha akaniita, "Kuya uone." Nyuzi zilikuwa zinabanwa hapa na pale, zinakatika vipande vifupi, vyote vizima.

"Andika," akasema. "Andika yote."

Mwape nimeshamwambia: dawa kidogo haiui bakteria, na ikiisha zinaanza kuzaana tena; basi itolewe kamili, hadi siku ya mwisho.

Msalimie Bwana Alimasi, na dada Habiba pamoja na watoto wake. Mungu akuzidishie afya, na nyumba yako isikose amani.

Mwezi wa saba nitasimama mbele ya walimu watano kuitetea kazi hii. Watauliza mengi. Nimejitayarisha.

Mimi binti wa kaka yako, nikupendaye sana,
Mawazo