Kabla Kioko Hajaja Kukuchukua

Seattle, Jumapili

Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Nakusalimu, na kabla hujaniuliza, ndiyo, nimekula. Wewe je, uvimbe wa mguu umeshuka? Unalala? Yule ng'ombe mwenye kichwa kigumu amezaa, ama bado anatuzungusha? Mvua huku inadondoka siku nzima kama bomba lililofungwa vibaya, na mimi nikiiangalia naona uchungu, kwa sababu najua huko Kivaa mnatafuta hata wingu.

Barua hii nimempa mwenzangu wa kazi, mtu wa Matuu, anayesafiri kesho. Ataiacha kwa duka la Abdi pale Ekalakala. Najua dada Nduku ndiye atakusomea, maana macho yako yamechoka. Nduku, nakusihi, soma yote. Usiruke mahali unapotajwa, na usimpigie Kioko simu kabla hujamaliza. Ningeandika kwa grupu yetu ya WhatsApp, lakini kule kaka yetu hujibu kabla mtu hajamaliza kuandika, na wewe Mama hujaingizwa humo. Hilo ndilo linaloninyima raha. Tumekuzungumzia wiki nyingi, sisi watoto wako watatu, na hakuna aliyekuuliza neno.

Ulipoanguka ukitoka kuchota maji, Kioko alitafuta nyumba ya kutunzia wazee huko Syokimau, karibu na kwake. Kuna vitanda vizuri, kuna nesi, kuna televisheni. Alituma picha. Akasema mwisho wa mwezi atakuja na gari akuchukue, na mimi niliye ng'ambo nilipe. Nikajibu "sawa" nikiwa nimesimama kwa korido ya kazi, kwa kidole kimoja. Huenda mpaka sasa hujaambiwa. Kama ni hivyo, pole, umeambiwa na mimi.

Tangu hiyo "sawa" yangu situlii. Nakaa, nainuka, chai inapoa, naipasha, inapoa tena. Wacha nikueleze.

Unajua nafanya kazi katika nyumba kama hiyo. Wazee wana vyumba vyao, na sisi tunawasaidia kwa yale wasiyoyaweza. Lakini mji huu ni ghali, Mama, aii! Kwa pesa ya chumba kimoja kwa mwezi mmoja ungenunua ng'ombe wa boma letu na wa jirani, na mbuzi wa kuongezea. Na hiyo ni ya kulala na kula tu. Ukisaidiwa kuoga, inaandikwa. Ukikumbushwa dawa, inaandikwa. Kila mkono unaokushika uko na bei, na ikijumlishwa unapandishwa ngazi ya kutunzwa, na malipo yanapanda nawe. Watu wanauza nyumba walizolelea watoto ili walipe. Pesa hiyo ikiisha wanahamishwa mbali, kwenye mji wa bei nafuu ambako hawajui mtu.

Hilo la ngazi nilikuwa nimelisikia, lakini halikuniingia.

Kuna mama mmoja hapa anaitwa Ruth. Aliendesha basi la shule maisha yake yote, na mpaka leo anaongea kama anayenyamazisha watoto wa viti vya nyuma. Nilimpenda siku ya kwanza kwa sababu alinigombeza kama wewe. Sasa, mimi ni mtoto uliyemlea. Naweza kukaa nikitazama mama wa umri wako akiinama kufunga viatu? Nilipiga magoti nikamfunga. Nilimmiminia maji ya kunawa mikono, vile tunafanya nyumbani. Nikamfunga vifungo vya sweta, nikamkatia nyama. Alikuwa akinichapa mkono: "Wacha, niko na vidole!" Mimi nacheka, nikidhani ni adabu ya wazee wa kwetu, mzee akataaye mara ya kwanza ili umsihi. Nikamsihi sana. Mwishowe akaacha kukataa.

Siku ya kumpima uwezo wake, nesi mkuu akaja na tableti yake ya kuandikia. Akaniuliza, "Viatu nani humfunga?" Nikasema mimi. "Vifungo?" Mimi. "Nyama?" Mimi! Nilijibu kifua mbele, Mama, nikidhani nasifiwa kazi. Wiki iliyofuata Ruth alikuwa amepandishwa ngazi mbili. Binti yake alikuja akalia kwa ofisi mpaka tukamsikia nje. Pesa ya nyumba waliyouza ilikuwa inaelekea kuisha, na kwa malipo hayo mapya ingebidi mama yake ahamishwe. Wanasema wema hauozi. Wangu uliletewa bili.

Nilienda kwa Ruth kuomba msamaha. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonimaliza. Alisema, "Nilikuja hapa nikifunga viatu vyangu. Wewe ndiye umenizeesha."

Nikamwomba nesi arudie kumpima. Alikubali shingo upande. Ruth akaanza kujizoeza, mimi nimeikalia mikono yangu, kweli kabisa, nimeikalia. Vidole vyake vilikuwa vimesahau. Alizitukana zile kamba za viatu kwa maneno ambayo Nduku hawezi kukusomea. Siku yenyewe kiatu cha kulia alikifunga vizuri. Cha kushoto kilimsumbua mpaka nesi akaangalia saa. Akakifunga. Kwenye sweta, vifungo vya juu vilimshinda. Wakamshusha ngazi moja, ile nyingine ikabaki. Binti yake anasema atajaribu kuilipa. Kwa sasa Ruth yuko, na akiniona mlangoni ananiinulia mguu nione kiatu, kama mtu anayetaka kunipiga teke.

Baada ya hapo nilirudi kusoma grupu yetu, nikashtuka. Nduku, hapa ndipo nilipokuomba usiruke. Uliandika kwamba umeficha jembe la Mama nyuma ya ghala ili asianguke tena. Ukaandika kwamba umeleta msichana wa kupika muthokoi, na Mama asikaribie moto. Najua ni mapenzi, dada. Mimi niliye mbali sina mdomo wa kukusema, wewe ndiye unayeamka naye. Lakini ni yale yale niliyomfanyia Ruth. Tunamnyang'anya Mama kazi, halafu tunasema hawezi, halafu tunamtafutia nyumba ya wasioweza.

Mama, sisemi Syokimau ni kubaya. Nimeona wazee wakitunzwa huku vizuri kuliko vile watoto wao wangeweza, na wewe ulianguka kweli. Naogopa. Nikikufikiria umelala kwenye ile njia ya mawe bila mtu wa kukusikia, natamani Kioko aje leo. Kisha nakuona umeketishwa mbele ya televisheni, na mbegu zako za mbaazi ziko Kivaa kwa kibuyu, natamani kumpokonya funguo za gari.

Pesa niliyotenga ipo. Inaweza kulipa kule. Inaweza pia kuleta tangi la maji mpaka mlangoni pako, na choo cha karibu chenye chuma cha kushika. Utakalosema nitalipa, na sitanung'unika. Kioko nimemwambia asiwashe gari mpaka akusikie wewe mwenyewe. Amenikasirikia. Atapoa, hasira hizo alizitoa kwako.

Nisalimie mjomba Mutiso, umwambie viatu alivyoagiza vinakuja na huyo mtu wa Matuu. Nisalimie jirani yako anayekuletea maziwa. Huyo msichana wa kupika mwambieni si kosa lake, asifukuzwe. Na lile swali lako la mke, Mama, bado, usianze.

Nduku, asante, umesoma vizuri. Sasa nenda nyuma ya ghala, toa hilo jembe, ulete uliweke karibu naye. Kisha nipigie simu, umpe aishike, na ukae chini unyamaze. Usimjibie.

Mwaitu, kuuliza si ujinga, ila mimi nimechelewa kuuliza. Unataka kukaa wapi?

Ni mimi mwanao, simu iko mkononi,
Musyoka