Tangi Lililokosa Pumzi

Baba,

Shikamoo. Mama hajambo, ila mlango wa jikoni bado unakwama.

Juzi niliitwa kwenye jengo ulikofukuzwa kazi. Jenereta iliwaka dakika kumi, ikazima.

"Dizeli chafu, kama enzi za yule mzee mzembe," msimamizi akanicheka, akikusema wewe.

Nikachota dizeli ya chini kabisa tangini: safi. Nilipolegeza kifuniko, tangi likavuta hewa kwa nguvu, na jenereta haikuzima tena. Bomba lake la kupitishia hewa lilikuwa limezibwa na waliojenga ukuta. Kwenye saruji waliandika tarehe kwa msumari: wiki moja kabla hujafukuzwa.

"Kumbe tulimwonea," msimamizi akasema. Ripoti niliyoandika kueleza hayo ameitia sahihi.

Usijifiche tena kwa shangazi, Baba. Njoo utengeneze mlango.

Mwanao, fundi kama wewe.